Nani Ametengeneza Mursik Hii

Siku hiyo tulikuwa watu sita ndani ya nyumba: mimi; dada yangu anayenifuata, aliyekuwa darasa la saba; mdogo wetu wa kiume, kitinda mimba, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka na mengine hayajaota; baba mdogo, yaani mdogo wa marehemu baba yetu; senge, ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita shangazi, dada yao mkubwa; na mpangaji wetu, mama mmoja wa kutoka upande wa ziwani aliyefanya kazi katika kiwanda cha majani chai na kuishi katika chumba cha mabati ambacho baba alikijenga kando ya zizi. Mbwa wa jirani alikuwepo pia mlangoni, lakini huyo hakualikwa.

Ilikuwa Krismasi yetu ya kwanza bila mama. Baba alikuwa ametangulia zamani, mdogo wetu akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Mama alipougua niliacha shule nikiwa kidato cha pili, kwa sababu majani chai hayangoji mtu na ng'ombe naye lazima akamuliwe. Sikufukuzwa wala sikulia. Nilirudisha vitabu vya shule, nikachukua kikapu.

Siku ya mazishi, watu walipoanza kutawanyika, baba mdogo alinishika bega akasema, "Mambo ya watoto tutaongea Krismasi, tukishakula." Senge akaitikia. Nilijua maana yake. Dada yangu angeenda na senge Ndanai, mdogo wetu angeenda na baba mdogo Silibwet, na mimi ningebaki hapa karibu na Sosiot na chai na ng'ombe. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ndivyo watoto wa marehemu wanavyogawanywa, na waliogawanywa hivyo wengi wao walikula na wakasoma. Lakini mimi sikutaka tugawanywe, na hao wadogo wawili hawakutaka. Kutoka mazishi mpaka Desemba nilikuwa na jambo moja tu kichwani: wageni watakapokuja Krismasi wakute nyumba, si mabaki ya nyumba.

Upande wetu nyumba hupimwa kwa maziwa. Ukikosa nyama watu watasema mwaka ulikuwa mgumu. Ukikosa soda hakuna atakayekumbuka. Lakini mgeni akija Krismasi asipewe mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, ataondoka akisema kwamba boma hilo limekwisha. Baba mdogo alikuwa mtu wa kusema hivyo, na kusema kwa sauti.

Sasa, mursik ni kazi ya mwanamke. Maziwa yanachemshwa, yanapoa. Kibuyu kinasuguliwa ndani kwa kijiti chenye nyuzi mpaka kitoke safi. Kisha unachukua kaa la moto la mti wa senetwet, si kaa la kupikia la sokoni, unalitumbukiza ndani na kulisaga kwa kijiti, polepole, mpaka ukuta wote wa ndani uwe mweusi na laini. Unakung'uta unga uliobaki, unamimina maziwa, unafunga, unaweka mahali penye baridi, na huendi kuchungulia. Maelezo ni mepesi. Makosa yako kwenye mkono. Ukisaga vibaya, mnywaji anatafuna mchanga. Usipofunga vizuri, maji yanabaki juu, mabonge yanaenda chini, na kila kitu kinanuka.

Mimi nilikuwa naijua kazi hiyo, na sikupaswa kuijua. Nilikuwa nimetoka jandoni mwaka uliotangulia. Kwetu kijana aliyetoka jandoni haingii jikoni mwa mama yake kama zamani, wala hashiki kibuyu cha maziwa. Siku hizi kuna nyumba nyingi zisizojali hayo, lakini yetu haikuwa mojawapo, na aliyesimama nyuma yangu mbele ya wazee siku ile nilipofanywa mwanaume alikuwa huyo huyo baba mdogo. Lakini mikono ya mama ilivimba ikakataa kufunga, na dada alikuwa shuleni kutwa nzima. Basi mama aliniita kitandani akasema, "Funga mlango." Nikafunga. Akanielekeza kwa maneno akiwa amelala. "Usikaze. Unasugua kama unang'oa kisiki." Kesho yake tena, "Funga mlango." Alipofariki nilikuwa nimeshajua.

Dada alijaribu. Vibuyu viwili viliharibika, tukammwagia mbwa wa jirani, naye akanusa akaondoka.

"Tengeneza wewe," dada akaniambia. "Mimi nitasema ni yangu."

"Na wakiuliza?"

"Wakiuliza nini? Msichana ni nani hapa?"

Tulikubaliana hivyo. Ulionekana mpango mzuri.

Asubuhi ya Krismasi nilikamua nikapeleka maziwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, kama siku nyingine. Nyumba hizo ziko mstari mmoja, milango na rangi sawa, na waliomo ndani wametoka pande zote za nchi. Siku za kawaida harufu inayotoka ni moja, ya sukuma wiki. Krismasi kila mlango unasema ulikotoka. Kwa fundi wa mashine, mtu wa Kakamega, kulikuwa na kuku, na mkewe alishaniambia mwaka mmoja kwamba firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba, na kwamba ikipotea kwenye sufuria sikukuu yenyewe imeharibika. Kwa karani wa Murang'a walikuwa wanaponda mukimo, viazi na mahindi na majani ya malenge, bibi mmoja amekaa chini na sufuria ameibana kwa miguu. Dereva wa Machakos alikuwa na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na alikuwa ameletewa kutoka kwao kwa sababu alidai ya hapa hayaivi sawasawa. Mlinzi wa Kisii alikuwa anamenya ndizi mbichi kwa kisu kirefu. Mwisho wa mstari alikaa mama wa ofisini aliyekulia Mombasa, na huyo pilau yake iliwaleta watoto wote wa mstari mlangoni. Chapati zilikuwa kila mlango. Nimesikia watu wakisema chapati si chakula cha Kenya, ililetwa. Inawezekana. Lakini Krismasi sijaona Mkenya aliyeikataa.

Wote walinunua maziwa, na wote waliyatia kwenye chai.

"Kijana," fundi wa mashine aliniuliza kama alivyouliza kila mwaka, "nyinyi maziwa mnatia makaa ya nini? Si ni kuchafua?"

"Ni dawa, mzee."

"Dawa ya nini?"

"Ya njaa."

"Basi leta siku moja nionje nife."

"Ukifa nani atatengeneza mashine?"

"Ndiyo maana sijaonja."

Niliporudi, mpangaji wetu alikuwa ameshashika jiko. Hakuna aliyemwambia. Tangu mama alipoanza kulala kitandani, alikuwa akitoka zamu anapita kwetu kwanza kabla ya kufungua chumba chake. Alikuwa na samaki mkubwa aliyemnunua sokoni, amemkaanga, sasa anamtia nyanya na kitunguu. Pembeni unga wa chapati ulikuwa umefunikwa kwa kitambaa. Dada alikuwa anachambua isagek, mboga yetu chungu ambayo watu wengine huiita saga, na mdogo wetu alikuwa amepewa kazi ya kufukuza kuku.

"Nyathina," mpangaji akaniambia. Ndivyo alivyotuita sote watatu. Kwa Kijaluo ni mwanangu. "Hao wakubwa wanakula samaki?"

"Senge pengine. Baba mdogo hapana."

"Atakula akiona wengine wanakula."

Walifika kabla ya saa sita. Baba mdogo alikuja na mguu wa mbuzi ndani ya gunia, senge na sukari na unga. Baba mdogo alizunguka boma kwanza. Alitazama zizi, akatazama chai, akapiga nguzo ya ghala kwa teke dogo. Kisha akaingia akachungulia sufuria.

"Hii samaki iko na macho."

"Na wewe uko nayo, mzee," mpangaji akasema. "Mtaangaliana."

"Mimi sikuli nyoka ya maji."

"Basi kula hiyo mbuzi yako. Nitaipika mpaka kuni iniombe msamaha."

Senge alicheka mpaka akashika mlango. "Umepata wa kukujibu leo," akamwambia mdogo wake. "Kwako mke wako anakuogopa."

"Haniogopi. Ananiheshimu."

"Ndivyo anavyokuambia."

Tulikula. Kulikuwa na kimyet, ugali wetu wa wimbi, kulikuwa na wali, mbuzi, isagek, chapati na samaki. Senge alikula samaki na akatoa mifupa kwa ustadi ulioonyesha kwamba hakuwa anaanza siku hiyo. Baba mdogo alimtazama kama mtu aliyesalitiwa. Mimi alikuwa akiniita muren, jina la mwanaume aliyetoka jandoni, na kila alipotaka chumvi au maji alisema, "Muren, mwambie dada yako." Hakuwa na neno baya juu ya nyumba. Nilianza kula vizuri.

Kisha dada akaleta kibuyu. Alikitikisa kama mama alivyokuwa akikitikisa, akamimina kwanza kwa baba mdogo, halafu kwa senge. Mpangaji akasema yake iwe kidogo, ya kuweka midomo tu. Baba mdogo akanywa. Akanyoosha kikombe aongezewe, na hapo nikajua imepita.

Senge alinywa taratibu. Alijilamba mdomo wa juu, akamtazama dada yangu kwa muda mrefu.

"Mtoto wa ndugu yangu. Hii ni ya mama yako kabisa."

"Asante, senge."

"Makaa imeshika. Hakuna mchanga. Sikia," akamwambia baba mdogo, "umeskia mchanga?"

"Nimeskia hakuna."

"Ulifunzwa na nani?"

"Na mama," dada akasema.

Baba mdogo akanyoosha kikombe mara ya tatu. Nyumba ilikuwa imeshiba, na nilidhani sasa atasema lile nililolingoja tangu mazishi, kwamba boma limesimama na watoto wakae. Badala yake senge akaweka kikombe chini, akajifuta mikono kwenye kitambaa chake cha kichwa.

"Basi maneno imejimaliza yenyewe. Mimi nilikuwa nimekuja na wasiwasi, nikijiuliza, huyu msichana nitaanza naye wapi? Kumbe ameiva. Mgongo yangu haiwezi tena kuinama kwa vibuyu, na wale wake za vijana wangu ni wa maziwa ya pakiti. Kesho naenda naye Ndanai. Shule iko hata huko."

"Na mimi nitachukua hii ndogo," baba mdogo akasema. "Muren atabaki na majani."

"Ng'ombe pia anaenda?" mdogo wetu akauliza.

"Ng'ombe inabaki na ndugu yako."

"Basi siendi."

Wote wakacheka, isipokuwa sisi watatu. Dada alikuwa anatazama sahani yake. Yeye ndiye aliyepanga uongo ule ili abaki, na uongo ule ndio uliokuwa unampeleka. Akisema kweli ataniaibisha mimi. Niliona amefunga mdomo na hatasema, na kwamba angefunga sanduku lake kesho asubuhi bila kusema.

"Senge," nikasema, "mursik hiyo si yake."

"Ya nani? Mlinunua?" Alishtuka kweli. Kununua mursik ya Krismasi kungekuwa afadhali kidogo tu kuliko kuiba.

"Hatukununua. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ni mimi nimetengeneza. Kusugua, kutia makaa, kufunga. Tangu mama alipolala. Yeye bado hajui."

Baba mdogo alikuwa na kikombe mdomoni. Alikishusha akakiweka mezani, mbali kidogo na mkono wake.

"Weri," akasema.

Weri ni mvulana. Hilo alilitamka polepole, nilisikie.

"Ndiyo, baba."

"Mwaka jana nilisimama nyuma yako."

"Ndiyo."

"Mbele ya wazee. Nikasema huyu amekuwa mwanaume."

"Ndiyo, baba."

"Kumbe natoa mwanaume jandoni ili aende asugue vibuyu. Na mimi nakunywa. Nakunywa, naomba tena."

"Mara tatu," senge akasema.

"Wewe nyamaza."

"Sinyamazi. Mara tatu, na hiyo ya tatu ulinyoosha kikombe kabla mtoto hajafika."

"Mama hakuwa na mikono," nikasema. "Aliniambia nifunge mlango." Sikuwa na jambo jingine la kusema, na hilo lilikuwa kweli.

Baba mdogo si mtu mkali. Ni mtu wa utaratibu, na utaratibu ulikuwa umemvunjikia mbele ya chakula. Alipoanza tena kusema hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Basi hapa hakuna mwanamke. Hilo ndilo nimesikia. Kuna msichana anaanza kuwa mkubwa, hana wa kumfunza, na kuna wavulana wawili. Nyumba ya namna hiyo siwezi kulala nikiiwaza. Wote wawili wanaenda leo, si kesho."

"Huyu wangu ngoja kwanza," senge akasema. "Kama kibuyu hajui, nitaanza kumfunza lini na huu mgongo? Mimi nilikuwa nimefikiri ameiva."

"Sasa humtaki?"

"Sijasema simtaki. Nimesema ngoja."

Mpangaji wetu alikuwa mlangoni na sahani ya chapati za mwisho. Aliiweka mezani, hakukaa.

"Mzee, niulize kitu."

"Uliza."

"Shida ni mwanamke kulala hapa?"

"Shida ni hiyo."

"Na mimi ni nini?"

"Wewe ni mpangaji."

"Mpangaji si mwanamke?"

Senge alikohoa. Baba mdogo alitazama dari. "Mama, wewe ni mtu mzuri," akasema. "Lakini si wa kwetu."

"Wakati mama yao anageuzwa kitandani, wa kwenu walikuwa wangapi hapa?"

Nje yule mbwa alikuwa amepata mfupa na alisikika akiuvunja.

"Sisemi kwa ubaya," mpangaji akaendelea, kwa sauti ya chini sasa. "Ndanai ni mbali, Silibwet ni mbali, najua. Nasema hivi tu. Godoro yangu naileta leo hapa. Nitalala na msichana, na hayo ya wasichana nitamwambia. Nikiwa zamu atakuwa shuleni. Uje Pasaka. Ukute huyu mdogo amekonda, ukute huyu msichana ameharibika, wachukue, hata mimi nitakusaidia kubeba sanduku."

"Na wewe huendi kwenu? Watu wa kiwanda si wanasafiri kesho?"

"Siendi."

"Likizo yako?"

"Likizo si iko? Nitakaa nayo hapa."

Baba mdogo alitazama kikombe alichokuwa amekisogeza, akatazama watoto wawili, mimi hakunitazama. Kisha akasema, "Niwekee chai." Mpangaji akamwekea. Akainywa yote, akasimama, akavaa kofia yake. "Pasaka," akasema. Huo ndio uliokuwa uamuzi. Senge alivuta kile kikombe cha mursik, akakimaliza, akasema ni dhambi kumwaga.

Walipoondoka, mpangaji alitoka akasimama karibu na ua, mahali ambapo simu hushika vizuri, akampigia mama yake. Alizungumza Kijaluo kwa sauti kubwa, kwa kuwa mama yake alikuwa hasikii vizuri. Nilikuwa namwagia ng'ombe maji. Nilielewa jina la Sosiot na neno la watoto, basi. Mazungumzo yalikuwa marefu na mara mbili alicheka, halafu hakucheka tena.

Nilimuuliza mama yake amesemaje.

"Amesema kuna aliya yangu."

Aliya ni nyama iliyoanikwa juani ikakauka, akanielezea, inapikwa taratibu sana na siagi ya maziwa mpaka inalainika. Watu wa kwao wanaweza kula samaki na kuku siku nzima ya Krismasi, lakini aliya ndiyo inayokuonyesha kwamba mtu alikuwa anakungoja, maana nyama hiyo lazima ianikwe mapema na mtu akae chini yake akifukuza nzi na mbwa. Mama yake alifanya hivyo kila mwaka, na kila mwaka yeye alifika siku ya pili, baada ya kiwanda kufunga kwa likizo, akakuta sehemu yake imefunikwa.

"Nikamwambia wape watoto wa ndugu yangu. Amekataa. Amesema haiozi, ataining'iniza tena mpaka nije."

"Enda kesho," nikasema. "Rudi haraka. Hatutasema."

"Nimesema nalala hapa. Wewe si ulisema ukweli leo? Mimi niseme uongo?"

Alihamia kabla giza halijaingia. Godoro lake lilikuwa zito kuliko nilivyodhani.

Alikaa Januari yote, likizo yake ikaisha akiwa na sisi. Alimwonyesha dada mambo ambayo mimi nisingeweza kumwonyesha. Vibuyu niliendelea navyo mwenyewe, na sasa mlango ulikuwa wazi. Februari, mvua ndefu hazijaanza, ndugu yake alimpigia simu akiwa zamu. Mama yake alikuwa ameanguka akitoka kisimani na hakuamka. Hakuwa na umri mkubwa sana. Hakuna aliyelitarajia.

Alienda akazika akarudi. Sikwenda naye, kulikuwa na majani na watoto, na ni yeye aliyesema nisiende. Aliporudi nilimngoja mpaka alipoweka mkoba chini, nikamwambia pole, halafu nikamwambia lile nililokuwa nimelifikiria siku zote hizo, kwamba kama si sisi angekuwa amemwona.

"Wewe ndiye ulimwangusha?"

"Hapana."

"Basi leta maziwa nipike chai. Nimetoka mbali."

Hakulizungumza tena. Mimi nililizungumza mara mbili au tatu, naye kila mara alinipa kazi ya kufanya.

Pasaka baba mdogo alikuja. Alimwinua mdogo wetu kumpima uzito, akauliza dada amekuwa wa ngapi darasani, akanywa chai. Alirudi Krismasi iliyofuata, akanywa chai. Mpaka leo kwetu anakunywa chai, na mpaka leo naitwa weri, ingawa nina watoto wawili. Habari ya kugawana haikutajwa tena. Dada alimaliza kidato cha nne na sasa anafundisha watoto wa chekechea hapa Sosiot. Mdogo wetu yuko chuoni, anasomea umeme, na simu zake zote zinaanza kwa kuuliza hali ya ng'ombe. Mimi sikurudi shuleni. Nilisoma nilichokipata, na chai haijanidhulumu.

Mpangaji wetu alistaafu akarudi kwao. Nimemtumia majani chai, nimemtumia mahindi mwaka ambao kwao hayakushika, na bati la paa tulipouza fahali. Anashukuru na kuuliza kwa nini nahangaika. Hajui kwamba navifanya hivi vyote nikijua havilipi chochote. Alikuwa amebakiwa na Krismasi moja na mama yake, bila kujua kwamba ni moja, akaitoa mezani kwetu ili watoto wa watu wengine walale nyumba moja. Nyama iliyokuwa inamngoja iliungwa kwenye chakula cha matanga. Hilo aliniambia ndugu yake, si yeye.

Desemba iliyopita nilimpigia nikamuuliza angependa nimpelekee nini.

"Njoo tu," akasema. "Hujawahi kufika. Watu hapa wanadhani nilikutunga."

"Ng'ombe amekaribia kuzaa."

"Kila mwaka huyo ng'ombe anazaa Krismasi?"

"Mwaka huu kweli."

"Haya. Mama yangu pia nilimwambia mwaka huo kweli siwezi kuja."

Alisema hivyo akicheka, bila kunichoma, na akaendelea kuniuliza habari za watoto. Nilijibu yote. Tulipokata simu nilibaki nimesimama pale uani kwa muda, kisha nikaenda kumtazama ng'ombe, ambaye kweli alizaa, ndama wa kike, siku ya pili ya sikukuu. Kwao sijafika.